Kitanda cha Zamu

Recheli hakuniambia kwa ubaya. Alikuwa ametoka Tabora kutibiwa macho, akapita kwangu Goweko kunirudishia ungo, akasimama mlangoni na kusema kama mtu anayeomba chumvi.

"Mama Advera, kumbe umeshapata mkwe na hutuambii wenzio? Nimepita Gongoni, anakopanga binti yako. Ile khanga nyekundu uliyomnunulia Advera Krismasi imeanikwa kamba moja na suruali ya mwanaume. Na suruali bado inachuruzika."

Nikacheka. Nikamwambia khanga nyekundu ziko nyingi, na macho yake ndiyo hayo yanayotibiwa. Alipoondoka nikakaa juu ya kinu mpaka moto ukazima na mlenda ukaungua.

Siku tatu neno lile likanifuata. Nikipepeta karanga, liko kwenye ungo. Nikishika rozari, kabla sijamaliza fumbo la kwanza nakutana na suruali. Inachuruzika! Maana yake imefuliwa asubuhi ile, na mwenyewe yuko ndani.

Si kwamba kijana sikumjua. Revocatus, mtu wa Puge, alikuwa ameshaleta barua ya posa kwa mkono wa mshenga. Mzee Ngollo, kaka wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akataja ng'ombe sita. Wanne walikuwa wameshafika. Ndoa ilikuwa ifungwe kanisani baada ya Pasaka. Sasa mtu aliyebakiza miezi miwili anakimbilia nini? Hapo ndipo paliponiuma. Niliona kama mwanangu ameonja mboga ya harusi kabla wageni hawajanawa.

Siku ya nne nikapanda treni, na chupa ya asali na mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, mkononi. Simu sikupiga. Mama anayepiga simu kabla ya kwenda kufumania, huyo ameenda kutembea tu.

Nilifika kwenye nyumba ile saa tano asubuhi. Ni nyumba ya vyumba sita vinavyozunguka ua mmoja, na mwenye nyumba, Bi Najiat, alikuwa barazani anachagua mchele. Kamba niliiona kabla sijamwona yeye. Khanga hiyo. Suruali hiyo, nyeupe, mifuko yake imetolewa nje kama masikio.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Wewe ni mama yake Advera, usinitajie, hiyo pua imeshakutaja. Mwenyewe yuko dukani kwa Jasoda, anauza vitambaa. Saa saba atakuja kula."

"Na mwenye suruali?"

"Amelala."

"Amelala chumba gani?"

"Hicho hapo, cha binti yako."

Aliyasema bila kuacha kuchagua mchele. Mimi nikautupa mfuko chini nikaelekea mlangoni, ngumi juu. Bi Najiat akanidaka upindo wa khanga, akanirudisha kama mbuzi.

"Ukimwamsha saa hizi utamdhulumu. Ametoka tanurini asubuhi. Kaa, nikueleze."

"Unieleze nini na suruali naiona?"

"Suruali unaiona. Kitanda hujakiona. Kaa, dada yangu."

Nikakaa.

"Mimi nimeolewa mara mbili na nimezika mara mbili," akasema. "Nyumba yangu siipangishii uchafu. Kijana anaoka mikate usiku kucha. Binti anauza vitambaa mchana kutwa. Huyu akirudi, yule anatoka, kama zamu za manesi. Kitanda hakipoi, lakini hawajawahi kukilalia pamoja hata siku moja."

"Na usiku wake wa mapumziko?"

"Analala kule kule tanurini juu ya magunia ya unga. Wenzake wanamcheka."

"Wewe unayajuaje yote hayo?"

"Ufunguo ni mmoja. Lazima wakabidhiane hapa, mbele yangu. Alfajiri nikimaliza kuswali namwona kijana anaingia uani, mkate wa moto ameuficha ndani ya shati usipoe. Anakaa hapa ulipokaa wewe, anasubiri binti amalize kujiandaa. Binti anatoka. Huyu anatoa mkate, huyu anatoa ufunguo. Basi! Hawashikani hata kidole. Wanatazamana tu. Wanatazamana mpaka mimi mtu mzima naona haya, nachukua birika langu naingia ndani."

Moyo ulikuwa umeanza kutulia, na ndani yake kulikuwa kumeingia kitu kingine. Aibu, nadhani. Na wivu kidogo, Mungu anisamehe. Baba Advera aliishi na mimi miaka kumi na tisa na sikumbuki siku aliyonitazama hivyo kwa ajili ya ufunguo.

"Sasa kwa nini kijana asipange chumba chake?" nikauliza.

"Alikuwa nacho, kule mtaa wa Ng'ambo. Kodi ikapanda, akatolewa."

"Na hiki?"

Bi Najiat akainamia mchele. Akatoa kijiwe, akakitazama, akakitupa mbali.

"Hiki nacho kimepanda. Mwezi huu. Kilikuwa thelathini na tano, sasa hamsini. Na nataka miezi sita kwa mkupuo."

"Kwa nini?"

"Redio imetangaza kima cha chini kipya, mama. Mishahara ya watu imeongezwa."

Hapo nikapata pa kumwagia hasira yangu yote niliyotoka nayo Goweko. "Imeongezwa wapi? Umemwuliza kijana kama ameipokea?"

"Sikumwuliza. Kwani saruji iliponipandia ilikuja kuniuliza? Bati liliniuliza? Mimi mjane, vyumba hivi ndiyo mshahara wangu, na redio haikunitaja."

"Ndiyo umle mtu jasho ambalo hata halijamtoka! Huna mtoto wewe?"

"Ninao wanne."

"Basi ungejua uchungu! Watoto wamejibana mpaka wanagawana kitanda mchana na usiku, na wewe bado unawaongezea mzigo! Una roho ya jiwe hilo unalotupa!"

Wapangaji walikuwa wameanza kuchungulia. Bi Najiat akaweka ungo pembeni, polepole, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mama Advera. Mimi nimeongeza elfu kumi na tano. Nyinyi mmeongeza ngapi?"

Nikaanza kujifunga khanga upya.

Alisema kweli. Mwezi uliotangulia, mzee Ngollo alikuja kwangu kutoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, redio ikiwa kwapani. "Shemeji," akaniambia, "serikali imempandishia mkwe mshahara. Ng'ombe sita walikuwa wa mshahara wa zamani. Sasa ni wanane." Nami nilitazama juu, nikaona lile bati langu la jikoni lenye matundu, nikamjibu: "Wewe ndiye msemaji wa ukoo." Hata nikacheka. Nikamkaangia karanga. Mshenga akapelekewa ujumbe siku ile ile.

Mlango wa chumba ukafunguka.

Revocatus alisimama pale, miguu mitupu, unga bado umemganda nyuma ya masikio. Kwenye mikono yake yote miwili kulikuwa na mistari ya kuungua, mingine mipya. Aliponiona akashusha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuamsha."

"Nilikuwa macho, mama. Nimewasikia."

Akaniletea kigoda, akaichukua chupa ya asali juani akaiweka kivulini, na alipomaliza akabaki hana cha kufanya na mikono ile. Nikamwuliza, kwa sababu sasa nilihitaji kujua:

"Huo mshahara wa redio, umeupata?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Tajiri alituita, mama. Akasema kima kile ni cha viwanda, na yeye ana tanuri tu. Mwenzetu Adriano akamwambia, tanuri lina watu tisa na moto hauzimwi mwaka mzima, kama si kiwanda basi ni nini, jiko la bibi yako? Wakabishana wiki nzima. Huyu anasema nitafunga kazi, huyu anasema funga tuone. Mwisho tajiri akakubali. Akaongeza. Kisha akafuta zamu mbili za kila wiki, na ule mkate wa kuondoka nao asubuhi akasema sasa tuulipie. Kwenye karatasi nimepanda, mama. Mfukoni nimeshuka."

"Kwa hiyo mkate unaomletea Advera…"

"Naununua." Akageukia mlango haraka. "Yeye hajui. Msimwambie."

Bi Najiat akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. Mimi nikautazama ule mlango, nikaona ndani, nyuma yake, begi limefungwa.

"Hilo begi la nini?"

"Nakwenda Puge, mama. Nilikuwa namsubiri aje saa saba nimuage."

"Na ndoa?"

Alinitazama tu, kwa adabu, kama mtoto anayemwachia mkubwa ajibu mwenyewe.

Saa saba Advera alifika anakimbia, kadi ya nyuzi bado mkononi. Aliponiona akasimama ghafla.

"Mama! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Sasa mbona…" Akaiona kamba. Akaniona mimi ninavyoitazama kamba. "Ahaa. Recheli."

"Advera, mimi sikuja kwa ubaya."

"Umekuja na michembe, mama. Wewe ukija kwa wema unakuja na kuku."

Kisha akamwona Revocatus amevaa viatu, saa ambayo mtu wa usiku huwa usingizini. Akaliona begi. Uso wake ulibadilika taratibu, kama maji yanapokauka kwenye sakafu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Puge. Basi la saa nane."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda."

"Revo, nitazame. Usinitazame viatu."

Akamtazama. Nami nikakiona alichoniambia Bi Najiat. Walisimama hatua mbili, hakuna aliyemgusa mwenzake, na ua ule wote ulikuwa mdogo mno kwa kitu kilichokuwa katikati yao. Mpangaji mmoja aliyekuwa anafua akafunga bomba.

"Ni wale ng'ombe wawili?" Advera akauliza.

"Si ng'ombe."

"Ni kodi?"

"Si kodi peke yake. Advera, kila nikinyanyuka kidogo nakuta mtu ameshaweka mkono kichwani mwangu. Tajiri. Mwenye nyumba. Na…" Akanitupia jicho, akalirudisha. "Na wengine. Nyongeza yenyewe sijaiona kwa macho, lakini imeshaliwa na watu watatu. Nikikuoa hivi nitakuoa na madeni. Nitaanza kukuchukia kwa kosa ambalo si lako. Nimewaona wanaume wa hivyo pale tanurini. Wanaongea na wake zao kama wanakohoa."

"Kwa hiyo heri uniache mapema nikiwa bado nanukia?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nimelala miezi saba kwenye shimo la godoro ulilolichimba wewe! Naingia usiku nakuta mto una unga, nauacha hivyo hivyo, siupigi vumbi, kwa sababu ndiyo wewe huyo. Sijawahi kuwa ubavuni mwako dakika moja. Nimesubiri. Watu wananisema mpaka Goweko kwa dhambi ambayo sikuifanya, na bado nimesubiri. Leo unakuja kuniambia Puge!"

Nikafunika uso kwa khanga. Kuna maneno ambayo mama hapaswi kuyasikia, na haya hayakuwa machafu. Ingekuwa nafuu yangekuwa machafu.

"Mimi nalipwa, si ndiyo?" akaendelea. "Nusu ya kodi hii natoa mimi. Tukibana…"

"Tutabana nini tena? Tumeshabana mpaka kitanda."

Kisha Advera akasema, sauti ya chini sana:

"Lini utarudi?"

"Nikivuna."

"Utavuna lini?"

"Sijui mvua."

"Usiponitajia siku, Revo, mimi nitaelewa hakuna siku."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na si pale kwenye suruali. Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi kabisa: Wanne wanatosha. Maneno mawili tu. Mimi ndiye niliyembeba, mimi ndiye niliyemnyonyesha, na baba yake hayupo. Lakini nikajiambia, ngoja nimpigie kwanza mzee Ngollo, nisije nikavuka neno la ukoo. Nikainuka. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye choo, ambako mtandao unashika.

Simu ikaita mara ya kwanza, haikupokelewa. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akapokea, nyuma yake redio inaimba.

"Shemeji," nikasema, "watoto wanaachana. Tuwaachie wale wawili. Tuwaachie hata wote waliobaki."

"Shemeji, mambo ya ng'ombe hayasemwi kwenye simu. Njoo tukae."

"Hakuna muda wa kukaa. Kijana anaondoka."

"Akiondoka kwa sababu ya ng'ombe wawili si mwanaume huyo. Na redio ilisema…"

"Redio haikumlipa!"

"Unaijua redio kuliko mimi?"

Tukabishana. Nilimwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia tangu nilipoolewa. Mwisho akaguna akasema, "Haya, kama umeamua, sema mwenyewe." Kumbe ilikuwa nyepesi hivyo! Nikakata simu, nikarudi mbio, kiatu kimoja kikabaki nyuma kwenye tope la bomba.

Revocatus hakuwepo.

Advera alikuwa amekaa kizingitini, mikono amekunja kifuani. Alikataa kuupokea ufunguo, akaniambia baadaye. Kijana aliunyoosha, akasubiri, akasubiri. Yeye hakufungua kiganja. Basi akauweka juu ya mfuko wangu wa michembe, akamwambia Bi Najiat "Shikamoo, nakwenda," akapanda bodaboda ya kwenda stendi. Nami nilikuwa chooni, naomba ruhusa.

"Wanane wamefutwa," nikamwambia mwanangu. "Hata wanne wanatosha. Mpigie."

"Amezima, mama."

Bi Najiat akakohoa. "Na mimi kodi ningeiacha ile ile mpaka baada ya Pasaka. Nilikuwa nasubiri wewe uanze kupunguza."

"Mimi nilikuwa namsubiri Ngollo," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Kamba ilikuwa juu yetu. Ile suruali ilikuwa imekauka, na aliisahau, au hakutaka kumpita Advera kuichukua. Mwanangu aliinuka, akaianua, akairudisha mifuko ndani mmoja mmoja, akaikunja kama anavyokunja vitambaa vya dukani, pembe kwa pembe. Kisha akaiweka ndani, akaurudishia mlango.

"Nimechelewa dukani," akasema. "Jasoda atanikata mshahara."

Pasaka imepita. Revocatus yuko Puge, analima. Simu anapokea, anaongea vizuri, anasema tungoje. Nimemwambia mwenyewe kwa kinywa changu kwamba wanne wanatosha, akasema, "Asante, mama," kama mtu anayeshukuru kwa chakula kilichopoa. Ng'ombe wake wanne bado wanachungwa na wa Ngollo na hajawadai. Mtu asiyedai ng'ombe wake ama ameshakata tamaa, ama bado anapenda. Kila jioni nawatazama wakirudi zizini, nashindwa kujua ni lipi. Na kule Gongoni mwanangu ana kitanda kizima peke yake mchana na usiku, na usingizi hapati.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, na wewe binti, na wewe kijana, haya nimeyaandika myaepuke:

Usihukumu mtoto kwa nguo zilizo kambani. Ingia ndani, uliza, kisha ndiyo ugombe.

Binti, usikubali kugawana chumba na mwanaume kabla ya ndoa, hata kwa zamu. Watu hawahesabu saa, wanahesabu nguo.

Usimpandishie mtu kodi kwa mshahara uliousikia redioni. Mwulize kwanza kama umefika.

Usimpandishie mtu mahari kwa mshahara uliousikia redioni. Ni jambo lile lile, ila hili linauma zaidi.

Ukidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, usilipe bila karatasi.

Kijana, usiondoke ili kulinda heshima yako. Heshima utakwenda nayo, lakini mwenzio utamwacha na godoro.

Binti, ukinyooshewa ufunguo, pokea. Hata kama umekasirika. Mkono ukikutana na mkono, maneno mengine huja yenyewe.

Mama, usiende nyuma ya nyumba kuomba ruhusa ya neno ambalo ni lako.